Saba ni Nani?

Mtu anayechora nukta zake kwenye kompyuta, akaacha mhimili wa chini uandikwe 1, 2, 3, 4, 5 ilhali mkononi alikuwa na majina ya watu na mahali, ameandika vibaya. Sisemi amekosea hesabu. Hesabu yake inaweza kuwa haina doa. Nasema ameandika vibaya kwa maana ileile tunayoitumia humu tunapomshika mwandishi wa riwaya ambaye wahusika wake wote wanaongea sauti moja. Na kwa kuwa waliosoma takwimu hawaambiani hivyo, acheni tuwaambie sisi.

Najua kuna watakaoguna. Eti michoro ya takwimu inaingiaje kwenye ukurasa wa hadithi na mashairi? Inaingia kwa mlango wa maneno. Kwenye mchoro mzima, kilichoandikwa kwa lugha ya binadamu ni kichwa cha habari na zile lebo zilizopangwa kwenye mihimili. Kilichobaki ni nukta na mistari. Ukiharibu maneno hayo machache, umeharibu maandishi yote yaliyopo.

Kwa mliomkimbia mwalimu wa hesabu kidato cha pili, maelezo kidogo. Mchoro wa mtawanyiko ni ule wenye nukta zilizomwagwa kati ya mihimili miwili. Mara nyingi mihimili yote ni ya kiasi: umri na uzito, mvua na mahindi. Lakini kazi nyingi za huku kwetu zina mhimili mmoja wa kiasi na mwingine wa aina: wilaya, kijiji, kazi ya mtu, jinsia, siku ya juma. Unataka kuona nukta za kila kijiji zimekaa wapi. Hapo ndipo shida inapozaliwa, maana kompyuta haijui kusimamisha nukta juu ya neno. Inataka namba. Kwa hiyo inalipatia kila neno namba ya siri, inachora juu ya namba hiyo, halafu ni kazi ya mchoraji kulirudisha neno mahali pake. Wengi hawalirudishi.

Mimi nakaa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita. Kinachoniletea ugali ni kusafisha data za watu wengine: wanafunzi wa vyuo waliokuja na madodoso yao, miradi, vikundi vya wachimbaji wanaotaka hesabu zao zisomeke. Programu ninayoitumia zaidi ni R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ni programu nzuri, ni ya bure, na siichukii hata kidogo. Ila ina tabia zake.

Ipe wilaya tano za mkoa wetu. Itazipanga kwa alfabeti: Bukombe 1, Chato 2, Geita 3, Mbogwe 4, Nyang'hwale 5. Ukiiambia ichore wilaya hizo dhidi ya kiasi fulani, yenyewe inapenda kukuchorea masanduku badala ya nukta, ndiyo kawaida yake ikikutana na faktori, yaani safu ya data iliyo ya aina. Wewe unataka nukta. Basi unapita njia ya panya: unazigeuza wilaya kuwa namba. Nukta zinatoka, unafurahi, unachapisha. Chini kumeandikwa 1 hadi 5. Kama ulikuwa na wilaya tatu tu, itakuandikia hata 1.5 na 2.5, maana kwake hizo sasa ni namba kama namba nyingine. Haya, niambieni wilaya ya 1.5 iko wapi. Ukipanda gari hapa Kharumwa, konda akushushe kituo gani?

Naweza kuishia kwenye utani huo, lakini madhara yake si utani. Namba zina mfuatano na zina umbali, majina hayana. Msomaji akiona 1 hadi 5 anavuta mstari kichwani bila kuambiwa. Nukta zikipanda kuelekea kulia atasema "inaongezeka". Inaongezeka kuelekea wapi? Kuelekea herufi N! Pindua mpangilio, Nyang'hwale aje kwanza na Bukombe aje mwisho, na lile ongezeko litageuka anguko bila nukta hata moja kubadilika thamani. Nimewahi kuletewa jedwali ambalo me walikuwa 1, ke walikuwa 2, na kwa chini, kwa mwandiko mzito wa kujiamini, wastani wa jinsia: 1.5. Aliyelileta alikuwa na joho la kuhitimu.

Mwaka juzi mradi mmoja, ambao jina lake halina haja hapa, uliita mkutano kuonyesha ulichokikuta vijijini. Ukutani tukaonyeshwa mchoro wa nukta. Wima: dakika za kwenda kisimani na kurudi. Mlalo: vijiji tisa, vimeandikwa 1 hadi 9. Kila nukta ilikuwa kaya moja. Nukta za namba 7 zilikuwa juu peke yake, kama kunguru waliotua kwenye waya wa umeme. Mtoa mada akasema kwamba "saba inahitaji jicho la kipekee", akabonyeza, tukaenda kwenye picha inayofuata. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa benchi la nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mwanangu, saba ni nani?"

Watu wakacheka. Mtoa mada naye akacheka, kwa adabu, akamjibu kwamba ufunguo wa namba uko kwenye kiambatisho cha ripoti. Kiambatisho hakikuwepo ukumbini. Akaahidi kukituma kwa barua pepe, na sidhani kama mama yule alikuwa na barua pepe.

Mle ndani walikuwemo watendaji wa vijiji na wenyeviti wao. Dakika ile ndiyo ilikuwa dakika ya mtu kusimama na kusema: ni sisi, na barua tumeshaandika. Hakusimama mtu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba anatajwa. Kijiji kizima kilisemwa mbele ya uso wake na hakikujua kinasemwa. Tukahamia kwenye soda.

Nimelitafakari swali lile kama wahakiki tunavyotafakari mstari wa ushairi. Mama hakuuliza saba ni nini. Wala hakuuliza saba ni wapi, ingawa hapo ndipo Kiswahili sanifu kingempeleka. Aliuliza ni nani, kwa sababu kwake kijiji ni watu, na watu huitwa. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika, kitabu kilichotoka 1951, mshitakiwa alimwita Karama na anayemshitaki akamwita Majivuno. Nusu ya hukumu iko kwenye majina hayo kabla hakimu hajafungua mdomo. Hebu mwite mmoja Mhusika 1 na mwingine Mhusika 2, ufunguo uwe ukurasa wa mwisho, halafu uone kama kesi itasimama. Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe hapo ziwani, alitupa Rosa Mistika mwaka 1971 na jina la msichana likawa ndilo jina la kitabu. Tunalijua hili. Tunalifundisha shuleni. Kwa nini tukishika takwimu tunalisahau?

Ataniambia mtu: ndugu, hayo ni mapambo tu, kilicho muhimu ni nukta. Hapana. Nukta isiyo na jina haimshitaki mtu wala haimtetei. Anayefaidika na mhimili wa namba ni yule asiyetaka kuulizwa.

Sasa tuseme mchoraji ameamka, ameamua kuandika majina. Hapo anakutana na jina la wilaya yangu, na mimi napata burudani. Nyang'hwale. Ile ng'h ni sauti halisi ya Kisukuma, nazali isiyo na mtetemo, inayotoka na pumzi. Ndugu zake mtawakuta katika Mhunze kule Kishapu na Nhelegani pale Shinyanga. Kiswahili hakina sauti hiyo. Ila kwenye R, na kwenye Python pia, kile kialama cha juu ndicho kinachotumika kufungua na kufunga neno. Ukiandika 'Nyang'hwale' kwa alama moja moja, mashine inadhani jina limeishia Nyang, na ile hwale inabaki nje inazurura kama mbuzi aliyekata kamba. Msimbo unakataa. Dawa yake ni kulifunga jina kwa alama mbili mbili, "Nyang'hwale", kazi ya nusu sekunde. Wengi wanafanya nini? Wanafuta kialama. Wanaandika Nyanghwale na kuendelea na maisha.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa uzito wa kialama kile. Ngoa ni tamaa, ni wivu. Ng'oa ni kukitoa kitu na mzizi wake. Mwalimu alitupiga fimbo kwa kosa hilo, na leo mtu mwenye shahada anabadilisha jina la wilaya nzima kwa sababu mashine imemkatalia mara moja. Tena balaa halikomei hapo. Programu ya kuandikia barua inapenda kukigeuza kialama kilichonyooka kiwe kilichopinda. Kwa macho yako ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo mhimili unatoka na Nyang'hwale mbili zimesimama kama mapacha, kila mmoja na nusu ya nukta. Mji wangu nao ni hivyohivyo: wengine wanaandika Kharumwa, wengine Karumwa, na data ikikusanywa na watu wanne utaipata miji miwili. Anayechora bila kuisoma orodha ya majina yake kwanza ameiongezea Tanzania mji.

Kuna tabia nyingine ya R ambayo inaniudhi kuliko zote. Kwenye uchoraji wake wa kawaida, ikiona majina mawili ya mlalo yatagongana, inaruka moja. Kimya. Haikupi onyo, haikuulizi. Mhimili unatoka na Bukombe, Geita, Mbogwe, na wasomaji wanaona nafasi tupu zenye nukta juu yake. Jina refu ndilo linaloponzwa kwanza, na katika mkoa wetu hakuna lililo refu kama letu. Mchoraji mwenye haraka akigundua anapunguza herufi mpaka ziwe kama sisimizi, au analaza majina wima, na msomaji anabaki kupindisha shingo kama kuku anayemtazama mwewe. Wakati William Cleveland, mtakwimu wa Marekani, tangu 1984 alishaonyesha njia ya kistaarabu: majina yapange upande wa kushoto, moja chini ya jingine, yasomeke kama orodha ya kawaida, halafu kiasi ndicho kilale chini. Hakuna shingo inayopinda, hakuna jina linalorukwa. Miaka arobaini sasa!

Na mpangilio wenyewe? Hapa ndipo nitawaomba Wasukuma wenzangu wanisaidie. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, anayezaliwa baada yao ni Shija. Hayo ni majina yenye mfuatano ndani yake. Ukilisikia jina unajua nani alitangulia. Mpe R familia hiyo bila maelezo, itakupangia Doto, Kulwa, Shija. Doto kawa mkubwa! Siku za juma ndiyo vichekesho kabisa: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumatano, Jumatatu. Jumapili na Jumatatu zimetenganishwa na Jumatano. Matplotlib ya Python angalau haijifanyi inajua alfabeti. Inapanga kwa kufika, aliyetokea kwanza kwenye data ndiye wa kwanza, kama foleni ya zahanati. Nayo ni bahati nasibu tu. Anayejua kwamba Jumatatu inafuata Jumapili ni wewe, basi iambie.

Halafu mtazame yule anayeona anarekebisha mambo kwa kuzipa siku namba, akianzia Jumatatu kuwa 1 kwa vile wiki ya ofisini inaanza Jumatatu. Siku zetu zina namba tayari! Zimehesabiwa tangu Jumamosi, mosi, pili, tatu. Sasa mhimili unasema 1 na jina linasema tatu. Mtu anayeandika Kiswahili hawezi kupita hapo bila kusikia kitu kimekwaruza.

Lakini hayo yote ni mepesi mbele ya neno moja linalokaa mwisho wa mihimili mingi: Nyingine.

Dodoso la kazi za machimboni linakuja limeshaamua aina tatu: mchimbaji, mfanyabiashara, nyingine. Nenda machimboni uone. Kuna mwenye duara. Kuna anayeshuka humo ndani, ambaye si mwenye duara. Kuna mwenye karasha. Kuna wanaoponda mawe kwa nyundo, wengi ni kina mama, wamekaa juani na watoto mgongoni. Kuna wa kwenye mialo wanaochenjua, mikono ndani ya maji yenye zebaki. Kuna mama lishe, bila yeye hakuna anayeshuka. Kila mmoja ana jina la kazi yake, linalotamkwa kila siku kwa sauti kubwa, na kila mmoja anakutana na vumbi na zebaki kwa kiwango chake. Halafu mwanafunzi anachora nukta za kikohozi, na safu yenye nukta nyingi kuliko zote, zile zinazopanda kuliko zote, chini yake pameandikwa Nyingine. Ugonjwa ameuona. Mgonjwa hana jina.

Huyo hawezi kujitetea kwamba Kiswahili hakina maneno. Mwaka 2017, Rais Magufuli alipozuia mchanga wa madini kusafirishwa nje, neno makinikia lilitoka kwa wataalamu likaingia kwenye vijiwe vya kahawa ndani ya wiki chache, na mpaka wauza mitumba wakawa wanalitania. Lebo ikiandikwa, watu wanaibeba. Na lebo ina upande. Mwanamume yuleyule, shimo lilelile, mhimili mmoja utamwita mchimbaji mdogo, mwingine utamwita mvamizi. Nukta iko palepale, lakini mkuu wa idara atakayeutazama mchoro atatuma maji kwa wa kwanza na gari kwa wa pili.

Kuna hoja moja ya wapinzani ninayoiheshimu, ile ya siri. Mgonjwa hatajwi jina, na mchimbaji aliyekubali kukwambia ananunua wapi zebaki hatajwi jina. Hapo namba ni sitara na mimi mwenyewe ninaiweka. Hata kijiji kidogo chenye mwanamke mmoja tu mwenye karasha, ukiandika kijiji na kazi umeshamtaja. Sawa. Basi andika kwenye mhimili wenyewe kwamba majina yamefichwa kwa makusudi, na useme kwa ajili ya nani. Lakini wilaya si mgonjwa. Kisima hakina siri ya kutunziwa.

Hoja ya pili siiheshimu, ile ya kwamba "mfumo ndivyo ulivyo". Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha baadhi ya majina hayo kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe. MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Wanasayansi wa dunia nzima waliliinamia jedwali. Jeni haijali, haitasimama mkutanoni kuuliza inaitwa nani. Namibia nayo, ambayo kifupi chake cha kimataifa ni NA, ikiingizwa kwenye R bila tahadhari inasomwa kuwa ni data iliyokosekana: nchi nzima, hayupo. Ikiwa nchi yenye kiti Umoja wa Mataifa inafutwa kwa herufi mbili, kijiji cha kata ya pembeni kina ulinzi gani isipokuwa umakini wa anayeandika?

Na kazi yenyewe, jamani, ni mstari mmoja. Kwa R ya kawaida unazuia namba zisiandikwe, kisha unaita mhimili na kuupa majina yako:

axis(1, at = 1:5, labels = c("Bukombe", "Chato", "Geita", "Mbogwe", "Nyang'hwale"), las = 2)

Ile las = 2 inalaza majina wima ili lisirukwe hata moja; shingo itapinda, lakini wote watakuwepo. Kwa ggplot2 ya Hadley Wickham huna hata haja ya hilo, majina yanakuja yenyewe ukiacha kuyageuza namba. Nukta zikipandana, zisukume kidogo pembeni zionekane, na ndiyo sababu nyingine ya kuweka jina badala ya namba: nukta ya Chato iliyosukumwa kidogo bado ni ya Chato, lakini nukta ya 2 iliyosukumwa msomaji ataidhania 2.2.

Juzi kijana mmoja wa chuo, aliyepanga chumba nyuma ya soko, aliniletea mchoro wake nimsaidie kuuchapa. Mlalo: 1, 2, 3, 4, 5. Nikamwambia rudisha majina, halafu hamisha mihimili, wilaya zikae kushoto. Akalalamika kwamba msimamizi wake hajadai hivyo. Nikamwambia msimamizi hachoti maji Nyang'hwale. Akabadilisha, dakika nne hivi na soda nusu. Kwa vile ggplot2 inaanza kuhesabu kutoka chini, Bukombe ikashuka mwisho na Nyang'hwale ikakaa juu kabisa, na kialama chake, na h yake. Akauliza kama aigeuze iwe ya chini kama ilivyo kwenye alfabeti. Nikamwambia iache hapo hapo.